Dawa ya glavu nyeupe za hoki: nunua ile inayotoka

Glavu nyeupe za hoki ya barafuni nilizitaka mwenyewe, kwa hiyo simlaumu mtu. Dawa ya kuzisafishia niliyoinunua ndiyo iliyoniudhi. Ilikuwa povu la kupulizia, chupa ina picha ya glavu na maandishi makubwa kwamba haina haja ya kusuuzwa. Siku ya kwanza zilimeta. Mechi ya tatu, jasho lilipokolea, povu likaanza kuchuruzika katikati ya vidole, utadhani niko barafuni nafua. Wiki haikuisha zikawa za kijivu kuliko mwanzo, maana sabuni iliyobaki ndani ilinasa kila uchafu uliopita.

Kwa hiyo hapa sipimi harufu wala nguvu ya kung'arisha. Nauliza jambo moja tu: inatoka? Glavu ya hoki si soksi. Ndani ina sponji nene inayokunywa sabuni na haikamuliki vizuri. Ukishasuuza, minya kidole gumba cha glavu juu ya kikombe. Maji yakitoa povu, bado hujamaliza.

1. Nikwax Tech Wash. Naipendelea na sifichi. Kampuni yake ipo tangu 1977, na sabuni hii ilitengenezwa kwa makoti ya mvua, ambayo mabaki ya sabuni ya kawaida yakibaki kwenye kitambaa huyafanya yaanze kunywa maji. Yaani kutoka ndiyo kazi yake. Povu lake ni kidogo. Mimi huiweka kwenye beseni la maji ya vuguvugu, nikasugua mgongo wa vidole na kifundo kwa brashi laini, nikikwepa kuloweka viganja kwa muda mrefu. Manjano ya jasho la zamani haiyaondoi, nami nimeridhika hivyo.

2. Spiriti, ile isopropili ya asilimia 70. Hii ni ya mistari myeusi ya tepu ya gongo na alama za mpira wa puki, kile kisahani kinachopigwa kwa gongo. Lowesha kitambaa cheupe, gusagusa, usisugue. Inaruka yenyewe hewani, hakuna cha kusuuza. Ingekuwa inasafisha glavu nzima ningeipa namba moja. Jaribu kwanza mahali palipojificha, kwa sababu inaweza kung'oa rangi ya nembo. Na kaa mbali na moto.

3. Unga wa oksijeni, kama Vanish au OxiClean. Kwa manjano ya jasho ndio wenyewe. Ukiingia kwenye maji ya moto kiasi hugawanyika kuwa haidrojeni peroksaidi na magadi. Peroksaidi inafanya kazi na kuisha. Magadi yanabaki kwenye sponji, na kiganja kikikauka kinakuwa kama ubao. Utumie kwenye sehemu za glavu zilizo za kitambaa cheupe peke yake, na suuza mara tatu, si mara moja.

Blichi ya klorini usiinunue kwa kazi hii. Inageuza nailoni kuwa ya manjano na kula nyuzi zinazovutika, na ukiichanganya na siki inatoa gesi ya sumu. Sponji ya melamini, ile nyeupe ya kufutia madoa, nayo ni msasa laini tu: doa linaondoka pamoja na ngozi ya juu.

Vya bei nafuu? Siki na magadi ya kuokea hupunguza harufu. Sabuni ya vyombo ndiyo bingwa wa povu, umeshajua nasemaje.

Ninachoshindwa kumeza ni hizi chupa za "vifaa vya michezo". Soma viambato, kama wameviandika, ukalinganishe na povu la kusafishia zulia. Mara nyingi kilichoongezeka ni picha ya glavu, na bei. Mimi nilirudisha yangu dukani ikiwa nusu. Muuzaji akaikagua chupa mbele na nyuma, akaniambia kosa ni langu: nilipaswa kusuuza.