Mafundi mlionifungia redio mpya, soketi ya gari langu mliikata ya nini?

Nimekaa na hili jambo kifuani miezi miwili hivi, labda zaidi, nikasema liache lipite. Halipiti. Kila nikiingia kwenye gari na kukiona kile kioo cha redio, naukumbuka mlio wa koleo.

Nina Toyota IST. Wenye magari ya Japani mnaijua shida yetu: redio iliyokuja nayo inaandika Kijapani, ramani yake ni ya Japani, na FM inaishia 90 wakati stesheni zetu zinapanda mpaka 108. Kile kidude cha kushusha masafa nilishakifunga, kikawa kinakoroma tu. Nikaamua kununua redio ya Android yenye kioo kikubwa, na kamera ya nyuma juu yake, maana kwetu Kimara napaki uchochoroni na watoto wa jirani wanacheza hapohapo.

Nikaenda Gerezani, kule Dar kwenye maduka ya vifaa vya magari. Duka silitaji. Tulielewana 350,000, kamera na ufundi humohumo. Bei sikuilalamikia siku ile na silalamiki leo.

Kilichoniuma ni hiki. Fundi alipoing'oa redio ya zamani, nyuma yake kulikuwa na soketi nyeupe ya kiwandani, nyaya zimejipanga vizuri kila moja na rangi yake. Mimi si fundi, lakini kaka yangu alikuwa ameshanieleza: redio mpya inatafutiwa soketi ya Toyota, unachomeka, basi, hakuna kukata. Sasa namwona kijana kashika koleo. Nikamwambia, "Fundi, samahani, hiyo si inachomekwa tu?" Hata kichwa hakuinua. Akakata. Nyaya zote kwa mkupuo mmoja, soketi ikadondoka kwenye kapeti miguuni pake. Akaanza kumenya nyaya kwa meno, anasokota kwa vidole, anazungushia tepu nyeusi. Nikauliza tena. Ndipo akajibu, "Dada, kakae kwenye benchi kule, hapa unaniziba mwanga."

Bosi wake alikuwa mlangoni, kasikia kila kitu. Akacheka. "Mwache afanye kazi, sista. Wanaume wakileta gari hapa wanaenda zao kunywa soda."

Nikaenda kukaa. Gari langu, hela yangu, na nikaenda kukaa.

Sasa niseme haki. Jioni ile nilirudi na furaha. Kioo kinang'aa, simu inaingia na kila mtu ananisikia, sauti imetulia. Foleni yote ya Barabara ya Morogoro sikuiona, nilikuwa nabadilisha stesheni ambazo sijawahi kuzisikia ndani ya gari lile. Yule mama wa Kijapani anayekumbusha kadi ya kulipia barabara bado anaongea kila nikiwasha, mashine yake ni nyingine, sikujali. Na kamera, Mungu ni shahidi, waliifunga vizuri: waya umepita chini ya kapeti hauonekani, unaingiza rivasi tu picha imekuja na ile mistari ya kijani, njano na nyekundu. Ningeandika usiku ule ningewapa nyota tano, na soketi ningesamehe.

Siku ya tatu alfajiri nampeleka mama kliniki Muhimbili. Keshakaa kiti cha mbele, kitenge begani, kadi yake mkononi. Nageuza ufunguo: tik, tik, tik. Betri haina kitu. Mama ana presha, foleni ya kliniki inaanza alfajiri, na mimi nazunguka mtaa mzima kugonga mageti nitafute wa kunibusti. Baada ya siku mbili, hivyohivyo. Muuza betri akaniambia iliyopo imechoka, nikanunua mpya, 150,000. Nayo ikalala ndani ya wiki hiyo.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi umeme hapa mtaani. Akaitoa redio, akashika testa, hakumaliza dakika kumi. "Mwanangu, njoo uone," akaniambia, akanisogezea tochi. Wa njano unatakiwa uwe na umeme saa zote, ndio unaotunza kumbukumbu za redio. Mwekundu unapata umeme ukiwasha swichi tu. Hawa wawili walikuwa wamesokotwa pamoja chini ya tepu. Maana yake hata nikikizima kioo kwa kitufe kikawa giza, redio iko macho usiku kucha, inanyonya betri. Halafu akanionyesha waya wa hendibreki, ule wa kuzuia video gari likitembea, umefungwa kwenye bodi ya gari ili video icheze hata ukiwa mwendoni. Nani aliwaomba? Mpwa wangu alikuwa anaangalia katuni pale mbele huku naendesha, mimi nikidhani ndivyo ilivyotengenezwa, na macho yangu yalishakwenda kwenye kioo kile zaidi ya mara moja, bodaboda wamejaa kila upande.

Mzee akauliza, "Soketi yake iko wapi nikuungie vizuri?"

Nikarudi Gerezani. Bosi, kabla sijamaliza salamu: "Garantii ni ya redio, siyo ya betri." Nikamwambia nimefuata soketi yangu. "Sista, umetoka Kimara kufuata plastiki?" Na wateja wake wakacheka naye. Nilitetemeka. Niliondoka bila kuaga, na mimi si mtu wa kuondoka bila kuaga.

Nimeshafika kwenye gari nasikia, "Dada, dada." Ni yuleyule kijana wa koleo. Kaifunga soketi kwenye kipande cha gazeti. "Nisamehe dada. Za kuchomeka zipo, elfu kumi na tano. Bosi hataki tuziseme, mteja akisikia bei imepanda anahamia duka la pili." Elfu kumi na tano! Nimetupa 150,000 kwenye betri, mama amekosa kliniki, kwa elfu kumi na tano ambayo hakuna aliyefungua mdomo kuniomba!

Mzee aliirudishia soketi ya zamani nyaya zake moja moja kwa risasi ya kuyeyusha, rangi kwa rangi, akaichomekea soketi mpya ya redio, waya wa hendibreki akaurudisha kwake. Betri haijalala tena. Nilianza kuandika niwaambie msinunue hizi redio kabisa, nimefuta. Redio ni nzuri, nunueni. Duka nimelipatia nyota moja, nayo ni ya yule kijana, na kesho naweza kuiondoa pia maana koleo alishika yeye.

Mama bado hana imani. Anapanda, anasubiri kwanza asikie injini, ndipo anavuta mkanda.