Cherehani ya Kukanyaga kwa Asiyewahi Kushona: Uzoefu Wangu

Kwa mtu ambaye hajawahi kushona hata kifungo, naona cherehani ya kukanyaga inafundisha vizuri kuliko ya umeme, na nasema hivyo baada ya kuitumia nyumbani kwangu Dar es Salaam tangu nilipoinunua ikiwa mpya katika duka moja la Kariakoo. Ni ile cherehani nyeusi yenye nakshi za rangi ya dhahabu, inayotengenezwa China kwa kufuata muundo wa zamani wa Singer 15, ambayo utaiona kwenye baraza za mafundi wengi mitaani. Inashona mshono mmoja tu, ulionyooka. Haina zigizagi wala taa, na kichwa chake pamoja na meza na miguu ya chuma ni mzigo wa watu wawili kuuhamisha. Upungufu huo ulinisaidia, kwa kuwa sikuwa na vitufe vya kubahatisha. Nilikuwa na uzi, sindano na miguu yangu, na kasi ya mshono ilikuwa ile niliyoitaka mwenyewe. Umeme ukikatika, kazi inaendelea.

Kukanyaga kunajifunzwa kabla ya kushona. Gurudumu la mkono lililo upande wa kulia linatakiwa kuzunguka kuelekea kwa mshonaji. Likigeuka na kurudi kinyume, uzi unajisokota chini na kukatika. Mama mmoja fundi wa mtaani kwetu, ambaye nilimlipa anifundishe jioni baada ya kazi zake, alinilegezea duara la ndani la gurudumu hilo ili sindano isitembee, kisha akaniacha nikanyage hewa. Mkono wa kulia unalianzisha gurudumu, miguu inalipokea, mmoja ukiwa mbele kidogo ya mwingine ili kisigino na vidole vipokezane. Baada ya hapo nilishona karatasi ya daftari yenye mistari, bila uzi, kwa sindano kuukuu, maana karatasi hutia sindano ubutu. Kosa analolifanya karibu kila mwanafunzi ni kusukuma kitambaa. "Mwanangu, usikisukume," aliniambia. "Meno yaliyo chini yake yatakivuta yenyewe, wewe kielekeze tu."

Kutunga uzi ndiko kunakowakatisha tamaa wengi, nami nashauri mtu akae hapo mpaka aweze kufanya bila kuelekezwa. Sindano ya cherehani ina tundu karibu na ncha, tofauti na ile ya mkononi, na juu ya wazo hilo ndiko Elias Howe wa Marekani alikojenga mashine aliyoipatia hataza, yaani haki ya uvumbuzi, mwaka 1846. Katika cherehani hii sindano inashuka na uzi wa juu, chini yake ndoana inaunyakua na kuuzungusha kwenye uzi wa bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, na nyuzi hizo mbili zinafungana ndani ya kitambaa. Sindano ina upande mmoja bapa kwenye shina, na upande wa pili una mfereji mrefu unaoshuka hadi tunduni. Uzi huingia kutoka upande wa mfereji. Ikiwekwa kinyume, mashine itazunguka vizuri kabisa, lakini itaruka mishono au kukata uzi, na mtu ataanza kulaumu uzi wa bei rahisi.

Kuna jambo jingine ambalo laiti kila muuzaji angemwambia mteja wake. Uzi ukijikusanya chini ya kitambaa kama kiota cha ndege, mikono hukimbilia kwenye bobini, ilhali mara nyingi tatizo liko juu. Uzi haukukaa katikati ya zile sahani mbili ndogo zinazoubana. Ndiyo maana mguu wa cherehani, kile chuma kinachokandamiza kitambaa, unapaswa kuwa umeinuliwa wakati wa kutunga: ukiwa juu, sahani zinaachia na uzi unaingia mahali pake; ukiwa chini, uzi unapita juu juu tu. Kabla ya mshono wa kwanza, nyuzi zote mbili huvutwa nyuma ya mguu, zikaachwa ndefu kiasi cha kidole cha kati na zaidi, na kushikwa mpaka mishono michache ipite. Mshono ulio sawa unafanana pande zote mbili za kitambaa; ukiona vitanzi chini, kaza parafujo ya sahani taratibu, robo mzunguko kwa mara moja.

Kwa kazi ya kwanza, sijaona inayoishinda kanga. Doti huuzwa ikiwa vipande viwili vilivyoshikana, na ikishakatwa huwa na ncha nne za kukunja, kwa sababu kingo ndefu zimekwisha kufumwa kiwandani na hazichanuki. Pamba yake haitelezi, haivutiki, na mistari ya pindo iliyochapwa inakupa njia iliyonyooka ya kufuata. Nilikunja nusu sentimita, nikapiga pasi, nikakunja tena, nikapiga pasi tena, kisha nikashona kwa sindano namba 14 nikiwa nimeuegemeza ukingo wa mguu wa cherehani kwenye mkunjo. Pasi ndiyo nusu ya kazi. Kitenge nacho kinakubali sindano hiyohiyo, khaki inataka 16, na kitambaa chepesi 11. Satini na vitambaa vinavyovutika anayeanza aviache kwanza.

Malalamiko yangu si makubwa, lakini yapo. Kijitabu cha maelekezo kilichokuja na cherehani yangu kina michoro midogo iliyochapwa vibaya na maneno yasiyoeleweka. Bila yule mama fundi, kisingenifikisha popote. Mkanda wa ngozi unaozungusha gurudumu ulilegea mapema na kuanza kuteleza, ikabidi ukatwe kipande kidogo na kuunganishwa upya kwa kipini chake cha waya. Mafuta ya cherehani unanunua mwenyewe, na hapo nisisitize kwamba mafuta ya kupikia hayafai hata kidogo, kwani huganda na kuifanya mashine iwe nzito.

Mwenye chumba kidogo, au anayehamahama, anunue ya umeme inayobebeka. Mwenye lengo la kushona nguo za kuuza atahitaji pia ovaloki, yaani mashine ya kushonea kingo zisichanuke, kwa sababu cherehani hii ya kukanyaga haizuii kitambaa kuchanuka. Magauni yangu bado nayapeleka kwa fundi mwenye ovaloki na kulipia kingo. Na ukienda dukani, usikubali kufungiwa boksi kabla ya kuona inafanya kazi. Zungusha gurudumu kwa mkono polepole na usikilize kama kuna mahali linakwama, angalia kama sindano inashuka katikati ya tundu la bamba lililo chini yake bila kugusa chuma, kisha omba ishonwe mbele yako kwenye kipande cha kanga kilichokunjwa mara mbili, halafu kilichokunjwa mara nne, bila kubadilisha chochote. Hakikisha pia bobini za akiba zinaingia kwenye kikasha chake na kuzunguka bila kusuguana, kwa kuwa zinazouzwa rejareja hutofautiana kidogo, na tofauti hiyo ndogo inatosha kuharibu mshono.