Sina Makosa ya Les Wanyika: nakala ipi uchukue, na uipigeje ukumbini

Wimbo huu umepigwa kwenye harusi, baa, matatu na daladala kwa zaidi ya miaka 40, na bado wapo wengi wanaoupenda ambao hawajawahi kuusikia wote. Wanachokijua ni nusu ya kwanza, ile yenye maneno. Nusu ya pili, magitaa yanapoachiwa uwanja, ndiyo inayowainua watu vitini, na ndiyo inayokatwa kila mahali: redioni kwa sababu ya muda, ukumbini kwa sababu DJ ana haraka, mtandaoni kwa sababu aliyenakili santuri hakujisumbua kuigeuza upande wa pili. Hapa Sina Makosa inapimwa kama kitu cha kuchukua na kukitumia: kilichomo ndani, nakala inayofaa, na namna ya kuipiga ili ifanye kazi yake.

Les Wanyika ilianza Nairobi Novemba 1978, baada ya wanamuziki kadhaa kujitoa Simba Wanyika, bendi ya ndugu wawili wa Kitanzania, Wilson na George Peter Kinyonga. Waliojitoa walikuwa pamoja na Omar Shabani wa gitaa la rithimu, aliyeitwa Profesa, Tom Malanga wa besi, Rashid Juma wa drams na mwimbaji Issa Juma. John Ngereza, Mtanzania mwingine aliyekuwa akipiga na bendi ya Wakongo hapo Kenya, akaletwa kwa ajili ya solo na sauti. Walijifua kwa miezi kadhaa, wakapiga klabu ya Garden Square, kisha wimbo huu ukawatoa. Itazame orodha hiyo vizuri: rithimu, besi na drams walitoka pamoja, wakiwa tayari wamezoeana, na solo ndiye aliyekuja baadaye. Ukisikiliza Sina Makosa kwa makini utaona imejengwa kwa mpangilio huohuo, kuanzia chini kwenda juu. Hakuna tarumbeta, hakuna saksafoni, hakuna kinanda cha kujaza mapengo. Ni magitaa matatu, drams na sauti, na kila chombo kinasikika peke yake.

Maneno yenyewe ni ya mtu anayejitetea. Kuna bwana amemkasirikia kwa ajili ya mwanamke, hasira ya kutaka kuua, naye anamwuliza chuki hiyo ni ya nini ilhali kila mmoja ana wake nyumbani. Hamtukani mwenzake, hampigi kijembe. Waimbaji wanaliimba jambo zito bila kupandisha sauti, kwa pamoja, juu ya rumba iliyotulia. Hapo ndipo wimbo unapomshika msikilizaji: maneno yanahuzunisha, mwili unataka kucheza, na hakuna upande unaokubali kushindwa. Wimbo wa kulalamika ungeweza kuimbwa kwa kilio, na ungechosha kabla ya ubeti wa pili. Huu hauchoshi, kwa sababu anayelalamika hajapoteza adabu yake.

Kisha sauti zinakaa pembeni, na kazi kubwa inaanza.

Sikiliza kwanza gitaa la rithimu, maana wengi hulipita wakikimbilia solo. Shabani hapigi kwa kushusha mkono juu ya nyuzi zote. Anadonoa uzi mmoja mmoja, kifungu kifupi kinachorudi na kurudi, noti zimekatwa fupi, safi, kila moja na mahali pake. Kifungu hicho hakibadiliki sana, na ndiyo maana mguu unakiamini. Chini yake besi ya Malanga haijazi kila pigo. Inasema kifungu, inanyamaza, inajibu. Ukimya ule katikati ya vifungu ndio unaovuta kiuno, kwa sababu mchezaji anaujaza mwenyewe. Drams zinabaki na hai-hati, vile visahani viwili vinavyogonganishwa, na pigo la chini bila mbwembwe. Baada ya hapo ndipo solo ya Ngereza inapanda juu ya shingo ya gitaa, inashika sentensi moja ya muziki, inairudia, inaigeuza kidogo mwishoni, inairudia tena. Hakuna sehemu ya kuonyesha wepesi wa vidole tu. Jaribu kusikiliza mara moja ukifuata rithimu peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, kisha mara nyingine ukifuata besi peke yake. Solo itasikika tofauti kabisa utakapoirudia.

Sasa nakala. Santuri ndogo za Nairobi za enzi zile, za mizunguko 45 kwa dakika, zilibeba dakika chache tu kila upande, hivyo wimbo mrefu uligawanywa: sehemu ya kwanza upande mmoja, ya pili upande mwingine. Faili linaloishia kwa sauti kufifia mara tu maneno yanapokwisha ni upande mmoja tu. Usilichukue. Tafuta lenye pande zote mbili, au toleo refu lililounganishwa, na kabla ya kulihifadhi ruka moja kwa moja hadi robo ya mwisho uhakikishe solo ipo. Kwenye huduma za kusikiliza muziki angalia pia jina la msanii: wimbo huu umerudiwa na vikundi vingi mno, na baadhi ya marudio yamewekwa kwa jina la wimbo tu. Ukisikia kinanda au dramu ya mashine, umeshapotea njia.

Ukibahatika kuipata santuri yenyewe, itazame chini ya mwanga ukiwa umeilaza. Mikwaruzo myepesi ya juujuu hutoa mchakacho mdogo tu, lakini mfereji uliogeuka kijivu umeliwa na sindano za zamani, na hapo solo itakwaruza hata ukiosha vipi. Hakikisha pia tundu la katikati halijapanuka. Santuri ya 45 inazunguka mara moja kila sekunde 1.33, na ikikaa upande, sauti itapanda na kushuka kwa mwendo huohuo. Magitaa yataonekana kama yamelewa. Iweke katikati kwa mkono kabla ya kushusha sindano. Kwa kaseti, ukisikia hai-hati imefifia na rithimu imekuwa butu, mara nyingi kanda haina tatizo, ila hedi ya redio, kile kichwa kinachosoma kanda, imekaa mshazari. Pembeni mwa hedi kuna skrubu ndogo. Izungushe taratibu sana, wimbo ukiwa unapigwa, mpaka hai-hati ing'ae, kisha uiache hapo.

Kasi ndiyo kasoro inayofichika zaidi. Nakala nyingi zilitoka kwenye mashine zilizolegea mkanda au kaseti zilizovutika, zikapandishwa mtandaoni hivyohivyo. Tofauti ya asilimia 6 inahamisha wimbo kwa nusu toni nzima, na asilimia 3 inauacha kati ya noti mbili, pasipo gitaa lolote kulingana nao bila kulegeza au kukaza nyuzi. Chukua nakala tatu au nne kutoka sehemu tofauti uzilinganishe. Usiamini kifaa cha kulinganisha nyuzi peke yake, kwa kuwa bendi za wakati ule zilikaza nyuzi kwa kusikilizana, si lazima kwa kipimo cha kimataifa. Sauti za waimbaji ndizo shahidi bora: kasi ikizidi, zinakuwa nyembamba na za kitoto, ikipungua, zinakuwa nzito na maneno yanaburuzika. Ukiamua kurekebisha kwenye programu kama Audacity, badilisha kasi pamoja na kimo cha sauti, yaani vyote kwa mara moja. Ukibadilisha mwendo peke yake, programu itakatakata sauti na kuiunganisha upya, na noti fupi za rithimu zitachakaa.

Kuunganisha pande mbili mwenyewe kunawezekana. Katia kwenye pigo la kwanza la kifungu cha rithimu, si popote sauti inapoonekana kutulia, na uzipishanishe pande hizo kwa milisekunde 10 hadi 20 tu. Kama mwisho wa upande wa kwanza unafifia, usihangaike kuupandisha sana, kwa kuwa mchakacho wa santuri utapanda nao. Rudi nyuma kidogo, ukate kabla kufifia hakujaanza.

Kwa simu, niseme wazi: hapana. Uzi mzito kabisa wa gitaa la besi unatoa Hz 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na spika ya simu haifiki hata karibu na hapo. Unachosikia ni sauti za juu tu zinazoambatana na noti hizo, na mazungumzo ya besi na rithimu, ambayo ndiyo wimbo, yanapotea. Hedifoni za kawaida za waya zinatosha kukupa picha kamili.

Kwenye sabufa ya nyumbani tatizo ni kinyume chake. Watu wameizoea ikiwa imefunguliwa hadi mwisho kwa ajili ya nyimbo za sasa, zenye besi iliyotengenezwa kutikisa madirisha. Rekodi hii haina besi ya aina hiyo. Ukiisukuma, mapengo ya Malanga yanajazwa na mngurumo na ule ukimya unakufa. Rudisha vitufe vyote katikati. Kama chumba kinavuma, punguza kidogo kati ya Hz 200 na 300. Ukitaka rithimu isogee mbele, ongeza kiasi kidogo sana kwenye Hz 2,000 hadi 3,000, lakini usiguse juu ya 6,000, maana huko kumejaa mchakacho. Zima kabisa kitufe cha sauti ya kuzunguka chumba (surround). Kitufe hicho hufanya kazi kwa kuondoa sauti ya upande mmoja kwenye ile ya upande wa pili na kuipiga tofauti inayobaki, na nakala nyingi za rekodi hizi ni za mkondo mmoja, pande zote zinafanana. Ukiondoa upande mmoja kwenye mwingine hakibaki kitu, na waimbaji wanasikika kama wako nyumba ya jirani. Kwa sababu hiyohiyo angalia waya za spika. Chanya na hasi zikipishana kwenye spika moja tu, spika moja inavuta wakati nyingine inasukuma, na besi inakatika. Wimbo wa kisasa unaweza kuificha kasoro hiyo. Huu unaianika papo hapo.

DJ anayetaka ukumbi wake uamke aipige baada ya chakula, wazee wakiwa bado wapo na vijana wameshachoka kukaa. Azime mchanganyiko wa kujiendesha unaoingiza wimbo mpya sekunde 10 kabla ya ule wa kwanza kwisha. Asizungumze kwenye kipaza sauti wakati maneno yanakwisha na magitaa yanaingia. Hapo ndipo wawili wawili waliokuwa wameshikana wanaachiana, kila mmoja anabaki na mguu wake, na waliokuwa ukutani wanasogea. Ukitangaza nani amesahau gari getini katika sekunde hizo, umewarudisha vitini. Wimbo wa kufuata uwe Paulina au Pamela za bendi hiyohiyo, au kitu cha Simba Wanyika, ambao saksafoni yao itaongeza joto bila kubadilisha mguu wa wachezaji. Usiruke moja kwa moja kwenda singeli. Mwendo wake uko mbali mno, na sakafu itagawanyika.

Bendi za kukodi ndizo zinazouharibu wimbo huu kwa wingi zaidi, na sababu zake zinajulikana. Kwanza wanauharakisha, wakidhani kasi ndiyo uchangamfu. Kifungu cha rithimu kinapobanwa, noti zake zinashikana na mdundo unakuwa wa farasi. Pili wanampa mpiga kinanda kazi ya rithimu ili kuokoa posho ya mtu mmoja. Kinanda kinashikilia sauti pale gitaa linapoikata, na hivyo mapengo yote yanazibwa. Tatu, mpiga solo anawasha kifaa cha kukwaruza sauti. Sina Makosa inataka gitaa safi, amplifaya isiyosukumwa, kiganja cha mkono wa kulia kikigusa nyuzi kidogo karibu na daraja la gitaa, pale nyuzi zinapoegemea. Watu sita wanatosha: magitaa matatu, drams, waimbaji wawili, na wapiga magitaa waitikie. Chini ya hapo kitu kitakosekana, na kwa kawaida kinachokosekana ni rithimu.

Kabla ya kutoa malipo ya awali, nenda mazoezini kwao uombe rithimu na besi wapige wimbo huu wawili peke yao kwa dakika mbili, bila drams wala mwimbaji. Wakiweza kushikilia mwendo bila kukimbia, na kichwa chako kikaanza kutikisika, lipa. Wakisema hawawezi kuanza mpaka solo aje, tafuta bendi nyingine.