Penseli Gani Ununue Kigoma Ukitaka Kuchora Mbwa

Mbwa wetu wengi hapa Kigoma wana manyoya mafupi ya rangi ya udongo, kifua cheupe na pua nyeusi tii. Ukikaa Kibirizi ukawatazama wamelala karibu na dagaa walioanikwa, utaona kazi iliyopo: pua na macho vinataka weusi mzito, manyoya yanataka mistari myembamba, mikali. Hakuna penseli moja inayoyamudu yote mawili. Nimezipanga kuanzia ile ninayoipendekeza zaidi.

1. Penseli tatu za moja moja: HB, 2B na 6B. Kabla ya kuuliza bei, soma herufi zilizochapwa ubavuni. H ni ngumu na hafifu, B ni laini na nyeusi, HB ipo katikati, na namba ikipanda sifa hiyo huzidi. Kinacholeta tofauti ni udongo wa mfinyanzi unaochanganywa na grafiti kabla ya kuchomwa, njia aliyoibuni Mfaransa Conté mwaka 1795. Udongo ukiwa mwingi, penseli inakuwa ngumu. HB ni ya kupima umbo na kuchora vinyweleo vifupi vilivyo juu ya pua. 2B itaisha mapema kuliko zote, maana ndiyo inayobeba mwili mzima. 6B iwekee tundu za pua, mboni na kiza cha ndani ya sikio. Staedtler Mars Lumograph, zile za buluu, na Faber-Castell 9000 za kijani, zote nazikubali. Ukizikosa kwenye maduka ya Mwanga, mwagize mtu anayetoka Dar es Salaam, umsisitize asizitupe chini ya begi: penseli ikianguka, kiini huvunjika ndani kwa ndani, na kila ukichonga ncha inachomoka.

2. Seti ya kopo, penseli 12. Inafaa kama unachora pia majengo au sura za watu. Kwa mbwa pekee, zile za H zitabaki mpya. Tena zina madhara: zinalainisha karatasi, na 6B ikipita juu yake inateleza, haishiki.

3. Penseli ya kubonyeza, milimita 0.5, yenye kiini cha 2B. Haihitaji kuchongwa na mistari yake ni safi. Ila unyoya huanza mnene ukaishia mwembamba, na hii hutoa unene uleule mwanzo hadi mwisho. Inunue baada ya zile tatu.

4. HB ya shule. Ya mazoezi tu. Pua itabaki kijivu, na ukikandamiza inang'aa badala ya kuiva.

Seti za bei chee zisizo na jina sizipi hata nafasi. Nyingi zina punje zinazokwaruza karatasi, na kilichoandikwa 6B kinaweza kufanana na HB. Mwombe muuzaji ujaribu kwenye kipande cha karatasi, kisha itazame penseli kitakoni: kiini kikiwa kimekaa upande, irudishe.

Fedha iliyobaki itie kwenye karatasi. Ile ya fotokopi ya gramu 80 inachanika nyuzi ukifuta mara mbili. Tafuta ya kuchorea kuanzia gramu 160, isiyo na mikwaruzo mingi, vinginevyo manyoya mafupi yatajaa vidoa vyeupe. Ufutio uwe ule wa kufinyangwa. Ukikosekana, gundi laini ya kufinyanga, ile ya kubandikia mabango ukutani, inanyonya grafiti vizuri sana; ibonyeze, usiisugue.

Kwa sharubu nyeupe usinunue kitu. Chukua kalamu ya Bic iliyokwisha wino, zichore kwa kukandamiza kabla hujatia kivuli, halafu pitisha 2B ikiwa imelazwa. Michirizi itabaki nyeupe. Kuchonga, tumia wembe, utoe ncha ndefu kuliko ya kichongeo. Na msimu wa mvua weka karatasi zako ndani ya folda iliyofungwa, kwa sababu zikivuta unyevu wa ziwa, HB inatoboa badala ya kuandika.