Meza ya Kimo cha Kurekebishwa kwa Kazi ya Kujaza Risasi: Inafaa, ila Ifungwe Ukutani

Hapa Marekani mtu anayejaza risasi nyumbani (yaani anayelitia ganda lililokwisha kupigwa fataki, baruti na kichwa kipya) kwa matumizi yake mwenyewe, si kwa kuuza, hahitaji leseni ya serikali kuu, na wengi wanaoianza kazi hii hutumia fedha zao zote kwenye mashine kisha wakaifunga kwenye meza yoyote iliyo karibu. Tathmini hii inaihusu meza. Ni ile ya miguu ya chuma na uso wa mbao ngumu, yenye mkono wa kuzungusha ubavuni unaopandisha na kushusha kimo chake, ambayo maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi huiuza kwa majina yao wenyewe. Yangu ina urefu wa sentimita 157, kimo chake huanzia sentimita 70 hivi na kupita mita moja kidogo, na imekaa katika chumba cha ziada cha nyumba yetu Texas. Gereji niliikataa tangu mwanzo, kwa kuwa wakati wa kiangazi hugeuka tanuri, na joto huharibu baruti.

Sifa kuu ya meza hii ni hicho kimo, na inastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu kujaza risasi ni kazi mbili zinazotaka kimo tofauti. Kulirudisha ganda kwenye vipimo vyake ndani ya kalibu, yaani chuma chenye tundu la umbo la ganda, hasa la risasi ya bunduki kubwa kama .30-06, ni kazi ya nguvu inayofanywa vizuri zaidi mtu akiwa amesimama, ili uzito wa mwili ushuke pamoja na mkono wa mashine badala ya bega kubeba kila kitu. Kupima baruti na kukagua maganda, kwa upande mwingine, ni kazi ya macho na utulivu, na hapo ni afadhali kuketi. Nilipoijaribu meza katika vimo mbalimbali nikiwa na mashine ya RCBS Rock Chucker, ambayo ni ya chuma cha kusubu na hubana ganda moja kwa wakati, niliona kwamba kimo kinachofaa ni kile kinachouweka mpini usawa wa bega unapokuwa juu kabisa, bila kunilazimu kuinama unapofika chini.

Kasoro yake huonekana mara tu kalibu inapoanza kushika. Mpini huchomoza mbele ya meza, kwa hiyo kuukandamiza huinua miguu ya nyuma, na kuurudisha juu, wakati shingo ya ganda inapong'ang'ania kipanuzi kilichomo ndani ya kalibu, huvuta ukingo wa mbele kuelekea dari. Miguu inayoingiana kama darubini haiwezi kuwa imara kama mguu mmoja mzima, na mtikisiko huo hauishii kwenye kelele tu: mizani iliyo juu ya meza hiyohiyo hubadilisha tarakimu, na baruti iliyomo ndani ya kipimio hushindiliwa, kipimo kikaanza kutofautiana. Magurudumu yanayouzwa pamoja na meza yaachwe ndani ya boksi.

Dawa ni kuifunga meza ukutani kwa vyuma viwili vya pembe, skrubu zikiingia kwenye nguzo za mbao zilizo nyuma ya jipsamu, ambazo katika nyumba nyingi za hapa hupangwa kila sentimita 40 hivi. Mashine nayo ifungwe karibu na mguu, kamwe isiwekwe katikati ya meza, kwa boliti zinazopenya uso wote na kukutana na bamba la chuma upande wa chini, maana washa ndogo huzama kwenye mbao baada ya muda. Baada ya hapo meza hutulia kabisa. Lakini meza iliyofungwa ukutani haipandi tena wala haishuki, na hilo tangazo la duka halilisemi! Kwa mtumiaji mmoja, basi, mkono wa kuzungusha ni wa majuma ya mwanzo tu: humsaidia kukitafuta kimo chake bila kukata mbao, akishakipata anakaza kila kitu na kununua stuli ndefu yenye mahali pa kuegeshea miguu, ili kazi za kuketi zifanyike kwenye kimo hichohicho.

Uso wa mbao ni mzuri, mpana wa kutosha kutenga upande wa mashine na upande wa mizani, na rangi yake ya asali hurahisisha kuona punje za baruti zilizomwagika. Mizani ya kidijitali nimeihamishia kwenye rafu ya ukutani, mbali na tundu la kiyoyozi, kwani upepo mdogo tu unatosha kuvuruga kipimo cha grein moja, ambayo ni takriban gramu 0.065. Taa haiji na meza. Ya dari humtupia mtu kivuli chake mwenyewe kwenye kibao cha maganda, kwa hiyo inahitajika ya LED yenye shingo ya kupinda, ielekezwe kutoka mbele, ili kina cha baruti kionekane ndani ya kila ganda kabla ya kichwa cha risasi kukalishwa.

Droo mbili zilizopo zinafaa kwa kalibu, spana na vernia ya kupimia urefu, si kwa baruti, kwa kuwa hazina kufuli. Kanuni namba 495 ya NFPA, shirika la Marekani la kinga dhidi ya moto, inaruhusu nyumba ya kuishi kuwa na hadi ratili 20 za baruti isiyo na moshi katika makopo yake ya asili, na fataki, yaani vidonge vya kuwashia baruti, zisizozidi 10,000. Hizo zote mimi huziweka katika kabati la mbao lenye kufuli upande mwingine wa chumba, na juu ya meza hukaa kopo moja tu la baruti inayotumika wakati huo. Zulia niliondoa nikaweka vinili, kwa sababu fataki ikiangukia kwenye zulia hupotea. Kusafisha maganda kwa mashine ya kutikisa hufanywa nje, kwa sababu ya vumbi la risasi ya madini linalotoka kwenye fataki zilizokwisha kupigwa.

Ninaipendekeza kwa mwenye nyumba yake anayejaza risasi kwa kiasi, na zaidi kwa nyumba yenye watumiaji wawili wa vimo tofauti, mradi vyuma vya ukutani viwe na matundu marefu ya wima ya kulegeza na kukaza. Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta aiache. Huyo atapata uimara zaidi kwa meza ya mbao za inchi 2 kwa 4 aliyoiunda mwenyewe, yenye mifuko ya mchanga kwenye rafu ya chini. Walioko Kenya na Tanzania wakumbuke kwamba huko kutengeneza risasi bila kibali cha serikali ni kosa la jinai, ingawa kwa fundi wa saa au wa simu meza hii ingefaa hata bila kufungwa ukutani.