Matone ya olopatadini kwa macho yanayowasha: uzoefu wangu hapa Arusha

Mimi ni fundi cherehani, na kila mwaka masika yakiisha, nyasi za kandokando ya barabara zinapoanza kutoa maua, macho yangu huwasha kupita kiasi. Mwasho huanzia kwenye kona ya ndani karibu na pua, kope huvimba asubuhi, na machozi hutoka muda wote. Kwa kazi ya kutunga uzi kwenye sindano na kupinda vitambaa vyeusi, hilo si jambo dogo. Watu wengi hapa mjini huilaumu mijakaranda kwa sababu maua yake yanaonekana kila mahali ikifika Oktoba na Novemba. Lakini jakaranda huchavushwa na wadudu, na chavua yake ni nzito, haisafiri mbali. Chavua ya nyasi ni nyepesi, hupeperushwa na upepo na kukufikia hata kama nyumbani kwako kumesakafiwa kote.

Dawa iliyonisaidia kuliko zote ni matone ya olopatadini, yale ya asilimia 0.1 ambayo hutiwa mara mbili kwa siku. Yapo pia ya asilimia 0.2, ya mara moja kwa siku, lakini hayo sijayatumia. Nimeyatumia haya ya kwanza kwa misimu kadhaa na nayapendekeza kwa moyo wote.

Daktari wa macho aliyeniandikia alinieleza vizuri, na maelezo yake ndiyo yaliyonifanya niitumie inavyotakiwa. Chavua ikitua kwenye jicho la mwenye mzio, kuna seli ndani ya utando wa jicho ambazo humwaga histamini, na histamini ndiyo inayoleta mwasho, wekundu na uvimbe. Olopatadini huizuia histamini iliyokwisha kumwagika isifanye madhara, na papo hapo huzituliza seli zile zisimwage nyingine. Kwa hiyo nafuu huja ndani ya dakika chache, ila anayefaidi zaidi ni yule anayetia asubuhi na jioni hata siku ambayo macho yametulia. Ukisubiri mpaka jicho liwe jekundu kama nyanya, itakusaidia, lakini utakuwa unaifukuza histamini siku nzima.

Jioni naoga kwanza, nanawa uso na nyusi, ndipo natia, kwa sababu chavua hubaki kwenye nywele na mtandio na huhamia kwenye mto wa kulalia. Navuta kope la chini kidogo, nadondosha tone moja tu, nafumba jicho na kubonyeza taratibu ile kona ya pua kwa dakika moja hivi. Tone la pili linamwagika shavuni bure. Jicho halina nafasi ya kulibeba. Hilo la kubonyeza kona lina maana kubwa: usipobonyeza, dawa hupita kwenye mfereji wa machozi hadi kooni na utasikia uchungu mdomoni. Chupa yangu naiweka kwenye mlango wa friji, mbali na friza, na ubaridi wake peke yake unapoza mwasho. Wenye lenzi za kuvaa wazitoe kwanza, wasubiri kama robo saa kabla ya kuzirudisha, kwa kuwa kihifadhi kilichomo kwenye dawa nyingi za aina hii hunyonywa na lenzi laini.

Kabla ya hapo nilikuwa kwenye matone ya kromoglikati, na siyadharau. Ni ya bei nafuu na ni salama, lakini hutiwa mara nne kwa siku na huchukua siku kadhaa kuonyesha kazi, hivyo ni vizuri uyaanze kabla msimu haujapamba moto. Anayeweza kuufuata utaratibu huo atapata nafuu nzuri kwa fedha kidogo. Kwa vidonge vya mzio, Piritoni hunilaza kwenye cherehani. Setirizini inanisaidia pua, macho siyo sana.

Matone ya kung'arisha macho mekundu siyataki kabisa. Yanabana mishipa ya damu jicho likawa jeupe kwa saa chache, na ukiyazoea wekundu hurudi kwa nguvu zaidi yakiisha.

Ila jambo linalonifanya niandike haya ni matone yenye steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe. Mtoto wa dada yangu, anayeniita mama mdogo, alikuwa anawashwa macho tangu akiwa mdogo, na duka moja la dawa likampa kichupa chenye deksamethasoni na antibayotiki pamoja. Macho yalitulia haraka mno. Yakianza tena, wananunua tena, bila cheti chochote. Alipopelekwa kwa daktari wa macho na kupimwa, presha ya macho ilikuwa imepanda. Tunamshukuru Mungu iligundulika mapema na ikashuka dawa ilipoondolewa chini ya uangalizi. Steroidi zina kazi yake, na mzio mkali wa watoto wakati mwingine unazihitaji, lakini ni kwa daktari anayepima presha ya jicho mara kwa mara. Zikitumika kiholela kwa muda mrefu zinaleta glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa kuonea, na mtoto wa jicho, na uoni uliopotea kwa glakoma haurudi. Wazazi wenzangu, someni kilichoandikwa kwenye boksi. Mkiona deksamethasoni, betamethasoni au prednisoloni, ulizeni kabla ya kulipa.

Mwasho ukinizidi katikati ya kazi, nakunja kitambaa safi kilicholowa maji ya baridi na kukiweka juu ya macho niliyoyafumba. Sifikichi. Kufikicha huzichokoza seli zile zile zimwage histamini zaidi, na kwa miaka mingi kunaweza kukikondesha kioo cha mbele cha jicho hadi kikachongoka. Majirani hunishauri chai ya rangi au maziwa ya mama. Wananitakia mema, lakini hivyo havina usafi wa kuingia kwenye jicho.

Olopatadini haitibu kila jicho jekundu. Tongotongo za mzio kwa kawaida ni nyeupe na zinavutika kama uzi. Zikiwa za njano na kope zinagandana, au kukiwa na maumivu, mwanga unaumiza, au uoni umefifia, hayo ni ya hospitali siku hiyo hiyo.

Upande wa bei, inauma. Chupa ya mililita 5 ni ghali mara kadhaa kuliko kromoglikati, na kwenye maduka ya dawa muhimu ya mtaani kwetu siipati, inabidi nishuke hadi famasia za mjini. Ikishafunguliwa inafaa kwa wiki 4, kisha inatupwa hata kama imebaki, kwa hiyo naandika tarehe kwa kalamu kwenye chupa siku ninayoifungua. Mara chache imenipa kichwa kuuma, kidogo tu. Jina la kampuni kwenye boksi halinisumbui. Naangalia kama limeandikwa olopatadini, asilimia ni ngapi, mwisho wa matumizi ni lini, na kama kizibo hakijaguswa.