Uzoefu wangu na pampu ya kupimia presha ya rejeta (Noah iliyokuwa inakula maji)

Kama gari yako inakula maji na ukichungulia chini huoni hata tone, tafuta hii pampu kabla hujamruhusu mtu yeyote afungue hedi (kile kichwa cha injini). Nasema hivyo kwa sababu imeniokolea hela nyingi sana na mpaka leo nina hasira kidogo na yale niliyoambiwa mwanzo.

Naendesha Noah ile ya zamani, SR40, injini ya 3S iko chini ya siti za mbele, na kazi zangu ni za Arusha na Moshi kwa hiyo gari hailali. Ikaanza kidogo kidogo, asubuhi nafungua rejeta maji yameshuka, najaza, kesho yake tena yameshuka, na kwenye kile kilima cha kuja Usa River mshale wa joto unaanza kupanda. Nikaipeleka gereji moja hapa mjini. Fundi akajaza maji, akawasha, akaona vipovu kwenye mdomo wa rejeta akaniambia kaka hiyo ni hedi gasketi (ile inayoziba kati ya hedi na injini), andaa hela tushushe hedi. Kwa vipovu tu! Aisee ukitoka kujaza maji lazima vipovu vije, ni hewa iliyonasa ndani inatafuta pa kutokea. Vya gasketi haviishi, unasubiri wee bado vinakuja na ukipiga resi vinazidi, na mara nyingi vinakuja na ndugu zake: moshi mweupe usiokata hata injini ikishapata moto, oili kuwa na rangi ya chai ya maziwa, injini kumisi asubuhi ukiwasha. Mimi sikuwa na hata moja kati ya hizo, nikachukua gari yangu nikaondoka.

Pampu nimeipata duka la spea mjini, chini ya laki mbili, iko kwenye boksi la plastiki. Ni pampu ya mkono yenye geji, mpira mfupi, na vifuniko vya saizi tofauti kwa gari tofauti. Matumizi ni rahisi ila fuata utaratibu. Injini iwe imepoa kabisa, rejeta ya moto haifunguliwi kabisa jamani, maji yanaruka na yanaunguza vibaya. Jaza maji mpaka juu, funga kifuniko cha pampu pale kwenye mdomo wa rejeta, afu pampu taratibu mpaka ile presha iliyoandikwa kwenye mfuniko wako wa rejeta. Wangu umeandikwa 0.9, yaani bar, kwenye geji ya psi hiyo ni kama 13. Zingine ni 1.1, hiyo ni kama 16. Usipitilize, unaweza kupasua tanki la plastiki la rejeta au ukatoboa hita.

Nilipofika 13 nikaacha kupampu nikawa naangalia mshale, ukaanza kushuka pole pole, hautulii. Na hapo ndo utamu wa hiki kifaa, injini imezimwa, feni haizunguki, hakuna joto la kukausha maji kabla hujayaona, unazunguka na tochi yako kwa utulivu. Mipira ya rejeta mikavu. Wota pampu ina kitundu chini kinachotoa maji sili ikichoka, nacho kikavu. Kapeti la mbele halina unyevu, kwa hiyo hita ya mbele iko salama. Nikatandika boksi nikaingia chini. Sasa hizi Noah zenye hita ya nyuma zina mabomba ya chuma yanapita chini ya bodi kupeleka maji huko nyuma, na pale mpira unapoungana na bomba, chini ya klipu, kutu ilikuwa imekula. Nikaona tone linajikusanya, linaning'inia, linadondoka, lingine linaanza, na pembeni yake kuna ukoko mwekundu wa kulanti (yale maji ya rangi ya rejeta) iliyokauka siku nyingi. Barabarani pale pamoto na panapigwa upepo, yanakauka yote, unaishia kuambiwa injini inakula maji.

Tumekata kipande cha bomba chenye kutu, tukaweka mpira mpya wa hita na klipu mbili, nikapima tena, mshale ukakaa palepale robo saa nzima. Hadi sasa maji hayajashuka tena.

Kuna kitu kingine kwenye hilo boksi watu wanakipita, kiungio cha kupimia mfuniko wenyewe wa rejeta. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi huku yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100. Presha inayoshikwa na mfuniko ndo inayoyafanya yavuke 110 bila kuchemka. Mfuniko ukichoka, na wewe umebeba mzigo, AC imewashwa, unapandisha kilima, maji yanachemka yanakimbilia kwenye kichupa cha akiba na kumwagika. IST ya shemeji yangu ilikuwa na shida hiyohiyo, tulivyopima mfuniko haukushika hata nusu ya presha yake, akanunua mwingine na habari ikaishia hapo. Yeye alishauriwa atie dawa ya kuziba, nikamkataza, hizo dawa na ule unga wa manjano wa jikoni ambao watu hutia kwenye rejeta vinaenda kuziba vile vijia vyembamba vya hita na rejeta.

Mapungufu yapo. Kiungio cha mpira cha pampu yangu kilikuwa kinapumua, mshale ungeshuka hata kama gari haina shida, nilipaka maji ya sabuni nikaona povu, nikabadilisha kile kipete cha mpira. Kwa hiyo pima pampu kwanza. Pia haikamati kila gasketi, kuna zinazovujisha injini ikishapata moto tu, hizo zinataka ile dawa ya bluu inayogeuka njano ikikutana na gesi ya moshi wa injini, na humu kwenye boksi haimo, inanunuliwa peke yake. Naipa nyota nne kati ya tano, na nimeshawaazimisha majirani wawili wenye Noah kama yangu.